Mdogo wangu, anza na mbinu

Wiki iliyopita makala yangu ya kwanza ya utafiti ilikubaliwa na jarida. Jina langu limetangulia, la msimamizi wangu linafuata. Nilimpigia mama simu nikiwa ndani ya daladala ya Tengeru, nikalia mbele ya abiria. Jioni mdogo wangu mmoja anayesoma Moshi akaniandikia: "Dada, mwezi wa tatu huu nahangaika na utangulizi. Nianzie wapi?"

Mimi nilianzia pabaya. Nimezaliwa Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru, na meno yangu ni ya kahawia kama ya wengi niliosoma nao. Miamba ya volkano huko kwetu huachia madini ya floraidi kwenye maji. Mtoto akiyanywa maji hayo wakati meno yake yanajijenga, madoa hayamtoki tena. Nilipima chupa baada ya chupa, na nyingi zilipita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Nikaandika kurasa 14 za hasira. Humo mlikuwa na sentensi hii: "Maji yote ya eneo hili ni hatari."

Msimamizi aliisoma kwa sauti mbele ya wenzangu wa maabara.

"Binti, visima vingapi?"

"Kumi na viwili, Mwalimu."

"Masika ulipima?"

"Kiangazi tu."

"Basi hii ni barua ya malalamiko."

Iliniuma. Hadi leo naona angeniita pembeni. Lakini swali lilikuwa la haki, nami sikuwa na jibu.

Nikarudi kwenye daftari, nikaandika mbinu kwanza: nilichota saa ngapi, kwa nini nilitumia chupa za plastiki na si za kioo, kila sampuli nilipima mara ngapi. Kisha majedwali, kisha matokeo. Utangulizi ulikuja mwisho, ukaandikika kwa siku mbili. Ile sentensi ikawa: "Visima 9 kati ya 12 vilivyopimwa kiangazi vilizidi kiwango." Wahakiki wa jarida walihoji mengi, hiyo hawakuigusa.

Nyinyi mnaofanya utafiti vijijini kwenu, uchungu mnao na ni haki yenu. Lakini msiuache ukahesabu visima ambavyo hamkuvifikia. Na msimfiche msimamizi rasimu kwa kuwa ni mbaya. Mimi nilificha yangu miezi miwili, nikaipoteza bure.

Mdogo wangu, usiku huu achana na utangulizi. Fungua daftari, uandike ulichofanya siku ya kwanza ulipofika kuchukua sampuli.