Wimbo wa maziko: ni wa Luther au wa Weisse?

SWALI: Kwaya yetu imeletewa nakala mbili za wimbo wa kale wa maziko, "Nun lasst uns den Leib begraben". Moja imeandikwa M. Luther, nyingine M. Weisse, 1531. Mtunzi hasa ni nani? Na mbona tukitia maneno ya Kiswahili, mistari miwili ya mwisho inatukataa?
Mwanakwaya, Sikonge, Tabora

JIBU: Andikeni Weisse. La Luther lifuteni bila wasiwasi, maana mwenyewe alitaka lifutwe. Katika dibaji ya kitabu cha nyimbo kilichochapwa na Valentin Babst, Leipzig, 1545, alisema wimbo huo si wake ingawa anaupenda sana. Umetungwa na mshairi mzuri, ila alikosea kidogo kuhusu Meza ya Bwana. Hapo hapo akamwita Johannes Weis, kumbe ni Michael! Mkikuta "J. Weis" popote, ni yule yule.

Weisse alizaliwa Neisse, Silesia, mnamo 1488, akawa mtawa Mfransisko huko Breslau, kisha akajiunga na Ndugu wa Bohemia, kanisa lililoanza 1457. Hilo ndilo shina la Wamoravian walioingia Urambo 1898, kwa hiyo Tabora huyu ni mzee wa ukoo. Alichunga sharika za Wajerumani za Landskron na Fulnek, akafariki 1534. Kitabu chake cha 1531 kina nyimbo 157. Mwaka 1544 Johann Horn, kiongozi wa Ndugu hao, alikitoa upya, akarekebisha zile za Meza ya Bwana.

Sasa hiyo mistari. Kila mstari una silabi nane. Wa kwanza na wa pili huishia "begraben" na "haben", mkazo ukiwa silabi ya pili kutoka mwisho, sawa na Kiswahili; hiyo iacheni. Wa tatu na wa nne huishia "aufstehn" na "gehn", na mpigo mzito wa mwisho unaangukia silabi ya nane. Mkiweka "atafufuka" hapo, kwaya itaimba "atafufuKA". Igaweni noti ya mwisho iwe mbili, "fu" kwenye mpigo mzito, "ka" kwenye mwepesi, mstari uwe na silabi tisa. Andikeni hivyo kwenye nota za solfa za sauti zote nne. Besi wakibaki na noti ndefu, neno litafika kwa vipande. Kubandika "ee" mwishoni si dawa, japo ndiyo njia inayopendwa.

Kwa Ijumaa Kuu jaribuni "Christus, der uns selig macht", wa Weisse pia, ambao Bach aliutumia mara mbili katika Johannes-Passion (1724), muziki wake wa Mateso ya Yesu kufuatana na Injili ya Yohana. Tuni yake huishia mi, si do. Mpiga kinanda asiongeze kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya do kuifunga, hata waumini wakidhani wimbo haujaisha.