Debe la kukuonyesha sina

Mwanangu Zawadi,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema umepata ufadhili wa kusomea uzamivu wa modeli za mazao, zile programu za kompyuta zinazoiga mmea unavyokua, ila kabla hujasaini unataka nikujibu bila kuzungukazunguka: miaka yote niliyofundisha uhandisi wa kilimo na kulima mahindi ndani ya kompyuta, nimemwongezea mkulima hata debe moja?

Debe la kukuonyesha sina. Nikisema ninalo nitakuwa nakudanganya.

Lakini twende kwanza Katumani, kituo cha utafiti wa kilimo kule Machakos, Kenya. Miaka ya 1980 watafiti wa Kenya na Australia walikuwa na swali la mkulima mwenyewe: nikinunua mbolea halafu mvua ikakata, hela yangu je? Jaribio la misimu miwili mitatu halijibu swali hilo, maana huenda misimu hiyo yote ikawa ya neema. Wakachukua CERES-Maize, modeli iliyoandikwa Marekani, wakairekebisha iendane na mahindi ya pale yanayokomaa upesi, kisha wakailisha kumbukumbu za mvua za miaka mingi. Nayo inahesabu siku kwa siku: jua limewaka kiasi gani, mvua imenyesha milimita ngapi, udongo umebakiwa na maji kiasi gani, jani jipya litoke au lisubiri. Ikaonekana kwamba hata kwenye ukame ule, mbolea kidogo inaweza kulipa, hasa mkulima akitazama kwanza mvua zimeanza lini. Waaustralia walirudi kwao na uzoefu huo, ukaingia katika APSIM, modeli yao ya mazao, ambayo leo inatumika mabara yote yanayolima. Wanafunzi wangu wengi walidhani ilizaliwa Toowoomba tu, mji wa huko Australia!

Sasa nikupe aibu yangu. Msimu mmoja modeli iliniambia mahindi yangu ya majaribio yamekufa kwa kiu wakati wa kuchanua. Nikitoka nje, shamba la kijani, mbelewele zinamwaga unga. Nikakaa wiki tatu nikichezea namba za udongo, nikiuongezea uwezo wa kushika maji, mpaka mavuno ya kompyuta yakalingana na ya shamba. Nilifurahi kama mtoto. Kisha kijana aliyetutunzia vifaa akaja na faneli ya kipima mvua mkononi: nyigu walikuwa wamejenga humo kiota cha tope, nusu ya tundu imezibwa. Mvua ilinyesha, sisi hatukuipima. Udongo wangu ulikuwa sahihi tangu mwanzo, mimi ndiye niliyeufundisha uongo.

Modeli ukiibembeleza itakubaliana nawe kwa lolote, na hapo ndipo wasomi wengi wanapojengea vyeo. Tena haijui kiduha, gugu linalonyonya mahindi, wala ngedere. Unaweza kuandika makala kumi bila kupata tope kwenye viatu, na hakuna atakayekuuliza.

Kwa hiyo muulize msimamizi wako jambo moja: bajeti ina misimu mingapi ya shambani, na nani atalipwa kusoma kipima mvua kila asubuhi, Jumapili pia? Akikujibu kwamba data zote ziko tayari, nipigie simu kabla hujasaini. Akitaja hata misimu miwili, nenda mwanangu. Mabuti yangu yako stoo. Mama yako anasema yatakutosha ukivaa soksi mbili.

Baba yako