Kuainisha nyuso za aljebra: anza na namba P₂, jedwali litafuata

Mkuu mleta mada, umeuliza kwa nini mistari iliyopinda huanza kupangwa kwa namba moja tu, jenasi (idadi ya matundu), ilhali nyuso zinadai namba kadhaa. Tena umeuliza uanzie wapi bila kukariri jedwali la Enriques na Kodaira, lile linalogawa nyuso za aljebra katika makundi. Mimi jedwali lile lilikaa kichwani wakati wa shahada ya pili, baada ya kuhesabu nyuso chache kwa mkono. Nakupa njia hiyohiyo.

Kwenye uso laini unaweza kupuliza nukta yoyote, mahali pake pakawa mstari unaojikata wenyewe kwa −1 (yaani namba ya mkato wake na wenyewe ni −1). Unapata uso mpya, na unaweza kuendelea bila kikomo. Castelnuovo alithibitisha kwamba kila mstari wa namna hiyo hukunjika ukarudi kuwa nukta. Kwa hiyo tunakunja kwanza, halafu ndipo tunaainisha. Uso wa digrii 3 una mistari 27, yote ya −1. Kunja sita isiyogusana, unabaki na bapa projektivu.

Kinachofuata ni divisa ya kanoni, K, yaani mistari ambapo fomu ya 2 ya uso huwa sifuri, ukitoa ile inapolipuka. Kwa uso laini wa digrii d ndani ya P³ (nafasi projektivu ya dimensheni 3), K = (d−4)H, ambapo H ni mkato wa bapa. Tazama jinsi hesabu hii fupi inavyozaa matokeo: digrii 1 hadi 3, K ni hasi na uso ni rashinali (unafikia bapa projektivu kwa kupuliza na kukunja), digrii 4, K ni sifuri, hizo ni nyuso za aina iitwayo K3, kuanzia 5, K ni chanya na uso ni wa aina ya jumla, daraja la juu kabisa. Daraja la kati, lenye nyuso za eliptiki (zilizofumwa kwa mistari iliyopinda ya jenasi 1) ambazo K yake si sifuri wala haijawa kubwa kiasi hicho, halionekani hapa. Litafute baadaye.

Sasa kiini cha swali lako. P₁ (yaani p_g) huhesabu fomu za kanoni, yaani fomu za 2 zisizolipuka popote, P₂ huhesabu zile za 2K, na q huhesabu fomu za 1. Bapa lina p_g = q = 0. Je, kila uso wenye sifuri hizo mbili ni rashinali? Hapana. Enriques alipata uso wenye sifuri zote mbili, lakini 2K = 0, hivyo P₂ = 1. Kigezo sahihi cha Castelnuovo ni q = P₂ = 0. Naliona hili kuwa wazo zuri kuliko yote katika somo hili: fomu moja moja hazioni kitu, ukizichukua kwa 2K zinaona.

Lihakikishe kwa uso wa Godeaux wa mwaka 1931. Chukua x⁵+y⁵+z⁵+w⁵ = 0. Chagua mzizi wa tano wa 1, uzidishe koordineti kwa vipeo vyake 0, 1, 2 na 3. Kundi hili la elementi 5 haliachi nukta yoyote ya uso mahali pake, kwa hiyo uso wa mgawo ni laini. Kwenye uso wa awali, K = H, K² = 5. Kwenye mgawo, K² = 5/5 = 1. Fomu ya msingi ina uzito (kipeo cha mzizi kinachoizidisha) 0+1+2+3 = 6, baki 1 ukigawa kwa 5. Ili p_g isiwe sifuri, uzito wote lazima uwe 0 baada ya kugawa kwa 5, hivyo unahitaji herufi yenye uzito 4, na haipo. Kwa P₂ fomu ya msingi inaingia mara mbili (uzito 2), hivyo unahitaji polinomia za digrii 2 zenye uzito 3: xw na yz. Uso wa awali una q = 0, hivyo na mgawo pia. Basi p_g = q = 0, P₂ = 2, na uso ni wa aina ya jumla kabisa.

Dimensheni 3 isubiri. Huko Mori, aliyepata Medali ya Fields mwaka 1990, alionyesha kwamba kukunja kunaweza kukuachia nukta zisizo laini, na lazima uzikubali ndipo uendelee.

Fanya hesabu ya Godeaux mwenyewe, kisha jaribu uso wa Enriques kama mgawo wa K3. Ukikwama kwenye uzito wa fomu, weka kazi yako hapa tuipitie mstari kwa mstari.