Dola 10 za mtoto wa darasa la kwanza

Mmeuliza wiki hii utandawazi unaigusaje sera ya elimu ya nchi. Mimi nitajibu kwa ubao wa matangazo uliokuwa nje ya ofisi yangu.

Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi hapa Tanzania MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ilipoanza, 2002. Ada ilikuwa imefutwa mwaka mmoja nyuma, na wazazi walishangilia kweli. Lakini ada yenyewe ilirudi miaka ya 80, wakopeshaji waliposhikilia kwamba wananchi wachangie gharama, ikaondoka tulipokuwa tunatafuta msamaha wa madeni. Aliyeufunga mlango ndiye aliyekuja kuufungua, tena na mkopo wa dola milioni 150 mkononi.

Katika mpango ule ruzuku ya mwanafunzi, fedha ambayo shule inapewa kwa kila mtoto, ilipangwa kwa dola: 10 kwa mwaka. Dola ilikuwa karibu shilingi 1,000, basi tukabandika ubaoni 10,000 na hesabu ikakaa sawa. Watoto wakaja, wengine wameshaanza kuota ndevu. Nchi nzima walikuwa kama milioni 4.4 mwaka 2000. Kufika 2005 wamepita milioni 7. Wangu wa darasa la kwanza waliandikia mapajani.

Elimu bila ada ilipotangazwa tena, kuanzia Januari 2016, niliupokea waraka nikakimbilia tarakimu. Elfu kumi ileile! Dola ilishapita 2,000. Deni tunalipa kwa dola, mtoto kaachiwa shilingi. Fedha yake ya mwaka mzima ikawa rimu moja ya karatasi za mitihani, na hapo ni ikifika nzima.

Sisemi kila cha nje kibaya. Wasichana waliojifungua waliruhusiwa kurudi shuleni Novemba 2021, na nilifurahi. Ila Benki ya Dunia ilishazuia mkopo wa dola milioni 300 mwaka 2018, suala hilo likiwa miongoni mwa sababu. Mama zao walilia ofisini kwangu miaka mingi, hakuna waraka uliobadilika.

Nimeshastaafu. Juzi nilipita shuleni, ubao bado upo. Juu wamebandika ruzuku. Chini yake ipo orodha ya michango ya hiari, ya uji na ya mlinzi, pamoja na majina ya wazazi ambao hawajatoa.