Kabla ya kuweka dhahabu kwenye kihisi cha ladha, tengeneza utando mtupu

Wanafunzi wanaoingia kwenye kazi ya ulimi wa kielektroniki, yaani kifaa cha vihisi vinavyotambua ladha za vimiminika, karibu wote huuliza swali moja: nitumie nanochembe (chembe ndogo mno za metali) za dhahabu au za fedha? Mimi huwarudisha nyuma kwanza. Tengeneza utando wa polima usio na metali yoyote, wenye unene uleule, kwenye elektrodi za aina ileile, kisha uupime kwenye ladha tano: chachu, chumvi, tamu, chungu na umami (ladha ya mchuzi wa nyama). Usipokuwa na utando huo wa kulinganishia, hutajua kamwe kama nanochembe zimeongeza kitu.

Nalisisitiza hili kwa sababu ya namna vihisi hivi vinavyofanya kazi. Kiyoshi Toko na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kyushu, Japani, walitumia lipidi (molekuli za jamii ya mafuta) zilizochanganywa kwenye plastiki ya PVC. Huko Brazil, Antonio Riul na wenzake wakaweka tando nyembamba sana juu ya elektrodi zilizopishana kama meno ya machanuo mawili, wakapima impidansi, yaani ukinzani dhidi ya umeme wa kubadilika-badilika. Katika njia zote mbili, kihisi hakitafuti molekuli moja maalumu. Unakuwa na tando kadhaa, kila moja inaitikia kivyake, na majibu yao kwa pamoja ndiyo yanayotofautisha ladha. Kwa hiyo kazi kubwa ya nanochembe ni kuufanya utando mmoja usifanane na mwenzake. Ishara kubwa peke yake haitoshi: tando nne zenye ishara kubwa zinazopanda na kushuka pamoja zinakupa habari ya utando mmoja tu.

Kwa kutengeneza nanochembe za dhahabu, njia ya sitreti (chumvi ya asidi ya limau) aliyoieleza mkemia Turkevich na wenzake mwaka 1951 bado ndiyo ninayoipenda. Myeyusho wa chumvi ya dhahabu una rangi ya manjano hafifu. Unauchemsha, unamimina sitreti, na manjano inapotea. Baadaye kidogo unaingia weusi wa kibuluu, halafu zambarau, mwisho wekundu wa divai. Ukiupima kwenye spektrofotomita, kifaa kinachopima mwanga unaofyonzwa, kilele cha ufyonzaji kinakaa karibu na nanometa 520. Vyombo viwe safi kabisa; wengi huviosha kwa mchanganyiko wa asidi ya nitriki na hidrokloriki, na mchanganyiko huo usiufungie kwenye chupa hata siku moja, kwa sababu unatoa gesi na chupa inaweza kupasuka.

Sasa chukua kiasi kidogo cha ule wekundu, udondoshee maji ya chumvi. Unageuka zambarau, kisha buluu, mbele ya macho yako. Chaji hasi zilizokuwa zikizitenga nanochembe zimezimwa na ioni za chumvi, nazo zimeshikamana. Fanya jaribio hili kwa mkono wako, maana chumvi hiyohiyo ni mojawapo ya ladha utakazopima. Nanochembe zinatakiwa zishikwe vizuri ndani ya utando. Mimi hupendelea kujenga tabaka kwa tabaka: chovya kwenye polima yenye chaji chanya, suuza, chovya kwenye dhahabu yenye chaji hasi, suuza tena. Ufyonzaji wa mwanga unapaswa kupanda karibu sawasawa kila mzunguko. Ukimaliza, loweka utando kwenye myeyusho wako mkali kuliko yote wa chumvi, kisha pima mwanga upya. Kilele kikisogea upande wa mwanga mwekundu, nanochembe zinakusanyika. Kikipungua urefu, zinatoka.

Fedha naitumia kwa tahadhari. Inaoksidika, inatoa ioni, na ikikutana na kloridi iliyomo kwenye chumvi inatengeneza kloridi ya fedha. Utando unabadilika wakati unaendelea kupima.

Usijaze nanochembe kupita kiasi pia. Zikigusana kutoka elektrodi moja hadi nyingine, umeme unapita kwenye metali na utando unaacha kuusikia myeyusho.

Chumvi na chachu ni rahisi, kwa kuwa zinaleta ioni. Sukari haina ioni, na hapo ndipo utando mzuri unapojulikana. Weka elektroliti (kitu kinachotoa ioni majini) kidogo, ya kiwango kilekile, kwenye sampuli zote; myeyusho wa rejea wa vihisi vya Toko, ule wa kulinganishia, una milimola 30 za kloridi ya potasiamu na milimola 0.3 za asidi ya tartari kwa lita. Kwinini, inayotumika kwa ladha chungu, nayo inang'ang'ania utando hata baada ya kusuuza, kwa hiyo rudi kwenye myeyusho wa rejea kila baada ya sampuli, usiendelee mpaka namba zimetulia.

Na tafadhali, changanya mpangilio wa sampuli. Ukipima chumvi zote asubuhi na sukari zote jioni, mchoro wako wa vijenzi vikuu (unaofupisha majibu ya tando zote kuwa nukta, moja kwa kila sampuli) utaonyesha makundi mawili mazuri mno, na huenda kilichoyatenga ni kuchakaa kwa utando tu. Rudia na utando mwingine uliotengenezwa siku tofauti, na kwenye mchoro huohuo weka pia matokeo ya ule utando mtupu.