Re: Bastola ya bei rahisi inakwama, nichukue ipi?

Yakhe pole, umesema ulichukua bastola ya bei poa huko Malindi na sasa kila ukienda renji (uwanja wa kulenga shabaha) inakwama, unauliza uongeze pesa uchukue Glock ama CZ. Kabla hujatoa hata shilingi jaribu magazini (kile kisanduku cha risasi) nyingine na risasi za aina tofauti, manake mara nyingi kinachokwamisha ni magazini springi imelegea ama midomo yake imepinda, sio bastola yenyewe. Ikiendelea baada ya hapo achana nayo, silaha ya kujikinga usiyoiamini ni mzigo tu kiunoni.

Mimi ningeenda Glock 19, milimita 9, risasi 15, haina mambo mengi na vipuri vyake si shida sana. CZ 75 tamu mkononi lakini chuma tupu, nzito, na huu upepo wetu wa chumvi utakuwa unaipaka mafuta kila saa (Glock nayo ina chuma usijisahau).

Na hiyo ya zamani usimwachie mshkaji mkono kwa mkono eti mtamalizana baadaye, pitia dila mwenye leseni na mambo ya cheti uyamalize na Firearms Licensing Board (bodi ya Kenya ya leseni za silaha) kwanza.