Jibu: Kundi la mbele na la nyuma kulingana, la katikati likabaki nje

Ndugu, umeuliza vipi katika matembezi ya Maulidi hapa Lamu kundi la mbele na la nyuma yaende mdundo mmoja wa matari, na la katikati liwe na mdundo wake. Kwa matari siapi, maana pwani upepo nao hucheza na masikio. Lakini kwenye hesabu za mitandao, yaani za vitu vingi vilivyounganishwa na kuvutana, jambo hilo lipo.

Mwanzo ni mwanafizikia Kuramoto, Mjapani, aliyetoa mwaka 1975 mfano wa kihesabu wa kundi la wapigaji midundo. Kila mmoja ana kasi yake na huvutwa na wenzake; mvuto ukiwa mdogo kila mtu na lake, ukivuka kiwango fulani kundi linaanza kushikana mdundo mmoja.

Hapo kila mmoja kaungana na wote. Kwenye mtandao wa matabaka, yaani makundi yaliyopangwa moja baada ya jingine na kila mmoja kaungana na mwenzake wa tabaka la jirani, mambo ni matamu zaidi. Tabaka mbili za pembeni zikifanana kwa muundo na kasi, huweza kulingana, yaani kwenda mdundo mmoja, kupitia ya katikati yenye kasi tofauti: yenyewe inapitisha habari tu, haijiungi. Na ajabu yake, si lazima waliomo tabaka moja walingane wao kwa wao. Kila mmoja hulingana na pacha wake, aliye nafasi kama yake upande wa pili.

Kufanana huko ndiko siri. Wakivutwa sawasawa, hata wasiosikilizana hulingana, mradi hali hiyo isivunjwe na msukosuko mdogo.

Kama unajua kuandika programu, weka tabaka tatu, ya katikati uipe kasi yake, kisha ongeza mvuto polepole.